Maswali ya Tarehe Katika Mahojiano ya Uhamiaji: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa

Maswali ya tarehe huwakwamisha watu wengi wa kwetu mbele ya ofisa wa uhamiaji kuliko hata maswali ya historia ya Marekani, ambayo huyasomea kwa miezi. Mama aliyezaa watoto saba, akavuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi na kukaa kambini miaka kumi na minane, anaulizwa mtoto wa tatu alizaliwa tarehe ngapi, ndoa ilifungwa lini, na nyumba ya kwanza aliyopanga Louisville aliihama mwezi gani. Anasita, anataja mwaka, anaubadilisha, na ofisa anaandika. Hana anachoficha. Maisha yake aliyahesabu kwa misimu ya kilimo, kwa mimba, kwa vita na kwa kuhama, na sasa anatakiwa ayatoe kwa siku, mwezi na mwaka.

Mwongozo huu umekusudiwa kwanza kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliofika Marekani kama wakimbizi au waomba hifadhi, hasa kutoka Kongo na Burundi, wanaojiandaa kwa mahojiano ya uraia, ya hifadhi au ya kuwaleta ndugu. Walioko Uingereza na Kanada watakuta hatua nyingi zinawafaa pia, nami nitagusia mahali ambapo taratibu zao zinatofautiana. Msimamo wangu ni kwamba tarehe ya kukadiria, ikisemwa waziwazi kuwa ni makadirio, ni salama zaidi kuliko tarehe kamili iliyobuniwa ili kumridhisha ofisa. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya hilo, na hakuna hata moja inayochukua nafasi ya wakili.

Hatua ya kwanza: jua kwa nini tarehe inaulizwa

Katika uraia, tarehe nyingi ni za kupigia hesabu. Fomu N-400, yaani ile ya kuomba uraia, inadai anwani, kazi na safari za nje za miaka mitano iliyopita, au mitatu kwa anayeomba kupitia ndoa na raia wa Marekani. Ofisa anataka kuhakikisha kwamba mwombaji wa miaka mitano alikuwa ndani ya nchi kwa uchache miezi 30, na kwamba hakufanya safari moja iliyozidi miezi sita, kwa kuwa safari ya namna hiyo huhesabiwa kuwa imekatiza ukaazi mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo aliyekwenda Kigoma kumzika mzazi wake na kukaa majuma matatu hana la kuogopa akikosea siku moja, lakini aliyekaa miezi sita kasoro siku chache anahitaji mihuri ya pasipoti wala asitegemee kichwa. Uingereza huhesabu siku za kuwa nje ya nchi: kwa kawaida zisizidi 450 katika miaka mitano, wala 90 katika mwaka wa mwisho. Kanada nayo inadai siku 1,095 za kuwa ndani ya nchi katika miaka mitano.

Katika hifadhi, tarehe hutumika kupima ukweli wa maelezo. Sheria ya Marekani ya 2005 iitwayo REAL ID inamruhusu ofisa au jaji kutilia maanani mgongano wowote katika maelezo, hata kama haugusi kiini cha madai. Isitoshe, ombi lenyewe linatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini, isipokuwa kwa sababu maalumu, hivyo siku ya kuingia haina nafasi ya kukadiriwa. Kwa upande wa familia, aliyeingia kama mkimbizi ana miaka miwili tangu kufika ya kuwasilisha fomu I-730 kwa ajili ya mwenzi na watoto wake, na ndoa lazima iwe ilikuwepo kabla hajaingia Marekani.

Ukishajua hayo, zitenge tarehe zako katika mafungu mawili. Zile zinazoamua haki yako utazitafutia karatasi kwa gharama yoyote. Zile zinazosimulia maisha tu utazikadiria kwa uaminifu.

Hatua ya pili: pata faili lako kabla hujaanza kukumbuka

Wengi hujaza fomu kwanza, kisha faili hulitafuta mambo yakiharibika. Mkimbizi aliyepitia kambini amekwisha kuulizwa tarehe hizo hizo mara nyingi: alipoandikishwa na UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, alipohojiwa na ofisi inayoandaa safari za wakimbizi, alipokutana na ofisa wa Marekani aliyekuja kambini, alipopimwa afya na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na tena alipoomba kadi ya ukaazi wa kudumu, ile ambayo wote tunaiita grini kadi. Pengine kila mara mkalimani alikuwa mwingine. Mengi ya majibu hayo yamehifadhiwa, na ofisa atakayekuhoji anaweza kuwa nayo mbele yake wakati wewe huna.

Nakala ya faili huombwa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, kupitia mtandao, kwa mujibu wa Sheria ya Uhuru wa Habari, FOIA, na kwa kawaida mtu anayeomba faili lake mwenyewe halipi. Utahitaji namba yako ya A, yaani ya faili lako la uhamiaji, ambayo kwenye grini kadi huandikwa kama namba ya USCIS. Omba mapema, kwa kuwa majibu huchukua majuma au miezi. Historia ya kuingia na kutoka nchini unaweza kuiangalia mwenyewe bila malipo kwenye tovuti ya I-94 ya idara ya forodha na mipaka, CBP, ingawa safari za kuvuka mpaka kwa gari mara nyingine hazionekani humo. Aliyeko Uingereza ana haki ya kudai taarifa zake kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani bure, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2018.

Faili likifika, usitaharuki ukikuta jina lako limeandikwa kwa tahajia tatu na mtoto wako mmoja ameongezewa miaka miwili. Liweke kando kwanza. Ukianza kwa kusoma faili, utaanza kukumbuka yaliyoandikwa badala ya yaliyotokea.

Hatua ya tatu: andika mahali kabla ya tarehe

Kumbukumbu hushika nani alikuwepo, ilikuwa wapi, na nini kilifuata nini. Tarehe huja mwisho au haiji kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, uliwahoji mara mbili wakimbizi 39 wa Kosovo na Bosnia ambao tayari walikuwa na ruhusa ya kubaki, yaani hawakuwa na sababu ya kudanganya, na bado maelezo yao ya mara ya kwanza na ya pili yalitofautiana, hasa katika mambo ya pembeni. Mawakili wa hifadhi wanaufahamu utafiti huo. Ukiwa na wakili, mkumbushe.

Chukua daftari na ukipe kila mahali ulipoishi ukurasa wake: kijiji ulichozaliwa, mji wa ndoa, kambi ya kwanza, kambi ya pili, kila nyumba uliyopanga huku ughaibuni. Andika uliishi na nani, mlikuwa mnapata wapi riziki, nani alizaliwa pale, nani alifariki pale, na nini kiliwaondoa. Usiandike mwaka hata mmoja. Kisha pangua kurasa mpaka mfuatano ukae sawa.

Mume na mke wafanye kazi hii kila mmoja peke yake, halafu ndipo walinganishe. Wakikaa pamoja tangu mwanzo, mwenye sauti kubwa ndiye anayekumbuka kwa niaba ya wote, na hilo ofisa hulibaini haraka akiwahoji katika vyumba tofauti. Ndugu walioko nyumbani nao waulizwe kwa simu, na swali liwe wazi: muulize shangazi “Neema alizaliwa tukiwa wapi?” badala ya “Neema si alizaliwa 1999?”

Hatua ya nne: yafunge matukio yako kwenye nguzo

Sasa tafuta matukio ya umma ambayo tarehe zake hazina ubishi, uulize kila tukio la nyumbani lilikuwa kabla au baada. Kwa waliotoka Kongo, nguzo ni kuanguka kwa Uvira mwishoni mwa Oktoba 1996, Kinshasa kutekwa 17 Mei 1997, vita vya pili kuanza 2 Agosti 1998, kuuawa kwa Laurent Kabila 16 Januari 2001, mlipuko wa volkano ya Nyiragongo 17 Januari 2002, uchaguzi wa 30 Julai 2006, na waasi wa M23 kuingia Goma 20 Novemba 2012. Mrundi ataanzia kuuawa kwa Rais Ndadaye 21 Oktoba 1993, na kama alikimbia baadaye, jaribio la mapinduzi la 13 Mei 2015. Mnyarwanda anayo 6 Aprili 1994, siku ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa. Aliyekuwa Tanzania atakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba 21 Mei 1996 na kufariki kwa Mwalimu Nyerere 14 Oktoba 1999. Aliyekuwa Nairobi, bomu la 7 Agosti 1998 au fujo zilizofuata uchaguzi wa 27 Desemba 2007.

Tuchukue mfano wa kutunga, wa mama wa Uvira. Anasema: “Tulikimbia vita ya Kabila ilipofika. Mkubwa wangu alikuwa ameanza shule mwaka ule, nami nilikuwa na mimba ya wa pili.” Kongo masomo huanza Septemba, na mtoto huingia darasa la kwanza akiwa na miaka sita hivi, kwa hiyo mkubwa alizaliwa karibu 1990. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Novemba 1996, basi kuingia kwao humo hakuwezi kuwa kabla ya hapo, hata kama kichwani mwake umekaa mwaka 1995. Mtoto wa pili alizaliwa kambini “Pasaka imekaribia, bado tuko kwenye turubai.” Pasaka ya 1997 iliangukia 30 Machi, huyo ni wa Machi 1997, au mwishoni mwa Februari. Wa tatu alimpata wa pili akiwa ameacha kunyonya na anakimbia, yaani ana miaka miwili hivi. Anaongeza kwamba redio ilipotangaza kifo cha Nyerere, huyo wa tatu alikuwa mgongoni, hajasimama dede. Mtoto ambaye hajasimama dede ana chini ya mwaka mmoja, hivyo alizaliwa kati ya mwishoni mwa 1998 na katikati ya 1999. Hapo mama ambaye hakuwa na tarehe hata moja ana mfuatano anaoweza kuutetea, na kila kiungo anaweza kukieleza kwa maneno yake.

Kila tarehe uliyoipata uiwekee alama ya kiwango chake: yenye karatasi, ya mwezi au msimu, au ya mwaka tu. Alama hizo ndizo zitakazokuongoza siku ya kujibu. Angalia pia kasoro moja ya kawaida: tukio zito, kama kifo cha mzazi, huelekea kuonekana la karibuni kuliko lilivyo. Kama tarehe yake haina nguzo wala karatasi, ihakiki mara mbili.

Hatua ya tano: kalenda na saa

Wazee wa pwani na Waislamu wengi wa bara hukumbuka ndoa na uzazi kwa mwezi mwandamo: mfungo tatu, mfungo sita wakati wa Maulidi, kumi la mwisho la Ramadhani. Mwaka huo ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko ule wa ofisini, hivyo Ramadhani huzunguka misimu yote na “Idd ile ya mvua” haiwezi kuwa ya mwaka wowote tu. Mwaka 2000 ulikuwa na Idd el-Fitri mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Aliyeoa “Idd ya 2000” lazima aseme ni ipi. Tumia kalenda ya kubadilishia iliyoko mtandaoni, kisha uache nafasi ya siku moja au mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi.

Tukio la usiku lieleze kwa “usiku wa kuamkia” siku fulani, kwa kuwa “usiku wa Ijumaa” mmoja ataelewa Alhamisi jioni na mwingine Ijumaa jioni. Saa nazo husababisha migongano ya bure: saa mbili usiku ikitafsiriwa kwa tarakimu ilivyo, inakuwa saa nane za usiku wa manane, na kuna Wakongo wanaohesabu saa kwa mtindo wa Kifaransa huku mkalimani akihesabu kwa mtindo wa Dar es Salaam. Taja jua, chakula au sala: “giza limeingia, tumekwisha kula.”

Kwenye karatasi za Marekani mwezi hutangulia siku. 4/7/2008 ni tarehe saba Aprili kwao na tarehe nne Julai kwetu. Katika maelezo yako ya ziada andika mwezi kwa jina.

Hatua ya sita: tafuta karatasi na simu

Vyeti vya kuzaliwa wengi hatuna, lakini kuna karatasi nyingine tunazozidharau. Kadi ya kliniki ya mtoto huandikwa tarehe ya kuzaliwa na ya kila chanjo. Cheti cha ubatizo, ripoti za shule, kadi ya mpiga kura ya Kongo, kadi ya chakula ya kambini iliyobadilishwa familia ilipoongezeka, vyote vina tarehe. Parokia nyingi hutunza daftari la ubatizo, na paroko akiombwa kwa adabu hutoa nakala.

Kwa miaka ya huku ughaibuni kazi ni nyepesi. Fomu za W-2 za mshahara wa mwaka, na muhtasari wa taarifa za mapato (transcript) ambao IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huutoa bure, zinaonyesha mwajiri wa kila mwaka. Mikataba ya nyumba inaonyesha anwani. Barua pepe za tiketi, risiti za kutuma pesa na picha zilizo kwenye simu zinaonyesha ulikuwa wapi siku gani. Picha iliyopitia WhatsApp huweza kubeba tarehe ya kutumwa badala ya ile ya kupigwa, kwa hiyo mwombe aliyeipiga akutumie tarehe iliyoko kwenye simu yake.

Hatua ya saba: ndoa na tarehe 1 Januari

Hapa ndipo kesi nyingi hukwama. Mtu wa kwetu anaweza kuwa na tarehe tatu za ndoa ile ile: siku ya mahari, siku ya kanisani au msikitini, na siku ya serikalini. Akiulizwa na UNHCR alitaja ya mahari, akiulizwa na USCIS anataja ya kanisani, na faili linamwonyesha kama mwenye ndoa mbili. Marekani kwa kawaida huitambua ndoa iliyokuwa halali mahali ilipofungwa, kwa hiyo swali la kumpelekea wakili ni ipi kati ya hizo ilikuwa halali kwa sheria ya pale. Jibu likipatikana, tumia hiyo moja kila mahali, na nyingine zieleze kwenye ukurasa wa maelezo ya ziada. Ndoa iliyovunjika, hata ile ya mila isiyokuwa na karatasi, itajwe. Kuiacha nje ndiko kunakoonekana kuwa ni kuficha.

Tarehe 1 Januari ni ya wakimbizi wengi mno, kwa kuwa waandikishaji huitumia pale ambapo mwaka unajulikana na siku haijulikani. Maofisa wanalijua hilo, na halina aibu. Tatizo huja pale mwaka wenyewe unapokuwa wa uongo. Rudi kwa yule mama wa Uvira: faili likisema mtoto wa tatu alizaliwa 1 Januari 2000, haliwezi kuwa sahihi, maana Oktoba 1999 mtoto alikuwa mgongoni. Asijiandikie tu tarehe mpya kwenye fomu, wala asiape kwa ile anayojua si kweli. Amwone wakili kabla ya kuwasilisha, ili maelezo ya jinsi tarehe ilivyopatikana yaambatanishwe. Kwa yule anayeomba uraia mwenyewe, kusahihisha tarehe ya kuzaliwa baada ya cheti cha uraia kutolewa ni kugumu zaidi kuliko kabla yake.

Hatua ya nane: linganisha daftari na faili

Sasa lifungue faili. Kwenye jedwali la safu tatu andika tukio, tarehe ya faili na tarehe yako, kisha kila tofauti uielezee kwa sentensi moja: mkalimani alikosea, baba ndiye aliyejibu kwa niaba ya familia, ilikadiriwa kambini. Kama sababu huijui, andika kwamba huijui. Tofauti zilizo kwenye tarehe zinazoamua haki zipelekwe kwa maandishi kabla ya mahojiano. Zilizobaki jiandae kuzieleza ukiulizwa.

Hatua ya tisa: siku yenyewe

Utaapa kusema kweli. Kosa la kumbukumbu si ushahidi wa uongo, kwa kuwa uongo unaomnyima mtu uraia ni ule wa kukusudia ili kupata haki hiyo. Lakini tarehe uliyoibuni ukijua umeibuni inakusogeza upande huo. Jibu kwa kiwango ulichokiwekea alama: “Ilikuwa 1997, karibu na Pasaka, siku siikumbuki.” “Sikumbuki” peke yake nayo ni jibu halali, ilimradi ufuatishe unachokikumbuka. Swali usilolielewa omba lirudiwe. Usiitikie kwa kichwa kwa heshima, kama tulivyolelewa kumwitikia mkubwa, maana kitikio hicho huandikwa kuwa ndiyo. Ukitaka kutazama hati uliyokuja nayo, omba ruhusa kwanza.

Mahojiano ya uraia hufanyika kwa Kiingereza, isipokuwa kwa mwenye umri wa miaka 50 na miaka 20 ya grini kadi, au 55 na miaka 15, ambao wanaruhusiwa kuja na mkalimani. Fomu N-648 ya daktari huweza kumwondolea mgonjwa sharti la Kiingereza na somo la uraia, lakini haiondoi maswali yote yaliyoko kwenye ombi lake. Kwenye ofisi za hifadhi mwombaji huja na mkalimani wake, mwenye miaka 18 au zaidi, asiyekuwa wakili wake wala shahidi wake. Mchague anayeelewa Kiswahili chako cha Bukavu au Bujumbura, na mzungumze naye kabla kuhusu saa, miezi na “usiku wa kuamkia”. Ikiwa maswali yanahusu siku ya mauaji au ubakaji na fikra zinavurugika, omba mapumziko. Ombi hilo ni la kawaida.

Mwishoni mwa mahojiano ya uraia ofisa huonyesha masahihisho aliyoyafanya kwenye fomu, nawe hutia saini kuyathibitisha. Soma kila moja kabla ya kalamu kugusa karatasi au skrini, hasa mpangilio wa mwezi na siku. Uingereza mwombaji wa hifadhi anaweza kuomba mahojiano yarekodiwe na apewe nakala ya maandishi, kisha yeye au wakili wake apeleke masahihisho kwa muda mfupi unaotolewa. Ukifika nyumbani ukagundua tarehe uliyoikosea, usingoje uamuzi: andika barua fupi yenye namba yako ya A na namba ya risiti ya ombi, ukitaja swali, jibu ulilotoa, jibu sahihi na sababu ya kosa, ambatanisha karatasi kama ipo, uitume kwa njia inayotoa uthibitisho wa kupokelewa, na nakala uiweke kwenye daftari lile lile.